Jiwe Si Chuma Kilichopunguzwa Nguvu

Waungwana, watengeneza michezo wenzangu, na nyinyi mlioingia kwa sababu mmeona meza yenye mawe pale nyuma mkahisi kuna jambo: karibuni. Nimeombwa nieleze tulivyoingiza zana na silaha za mawe katika mchezo wetu. Nitaanza na aibu yangu, maana kila tulichojifunza kilitoka humo.

Kwa ambao hawajaucheza, mchezo wetu unaiga maisha ya vijiji katika ulimwengu wa kubuni. Kuna wanavijiji, kuna mazimwi, kuna majitu ya milimani, na kuna joka moja ambalo hatujawahi kulipatanisha na foleni ya kazi. Kila mwanakijiji ana njaa yake, ujuzi wake na visirani vyake. Mchezaji hamwongozi mtu hatua kwa hatua; anapanga kazi, kisha anakaa kutazama mambo yakiharibika. Kwa muda mrefu silaha zote zilikuwa za chuma, za shaba au za mbao. Wachezaji wakalalamika, na walikuwa na haki. Kijiji kikianzishwa mahali pasipo na madini, watu walikuwa wamezungukwa na mawe kila upande huku wakipambana na zimwi kwa fimbo.

Basi usiku mmoja nikafungua faili la malighafi. Nikanakili mstari wa chuma, nikaubandika chini yake, nikafuta neno "chuma" nikaandika "jiwe", kisha nikagawa kila namba kwa mbili. Dakika kumi. Nikaenda kulala nikijiona fundi.

Asubuhi mmoja wa wachezaji wetu wa majaribio akanitumia picha ya kijiji chake. Askari walikuwa wamevaa deraya za jiwe, pete ndogondogo za jiwe zilizosukwa kama wavu. Mbwa alikuwa amefungwa kwa mnyororo wa jiwe. Ghalani mlikuwa na sindano 40 za jiwe, daraja la juu kabisa. Na mhunzi, masikini, alikuwa ameyeyusha jiwe tanurini, akalifua juu ya fuawe mpaka likawa upanga, na sasa alikuwa analinoa kwenye kinoo, ambacho nacho ni jiwe. Kompyuta haikuona kasoro yoyote. Niliiambia kwamba jiwe ni chuma dhaifu, ikaniamini.

Najua siko peke yangu. Michezo mingi imelifanya jiwe kuwa kidato cha ngazi. Katika Minecraft, upanga wa mbao hudumu matumizi 59, wa jiwe 131, wa chuma 250, wa almasi 1,561. Mchezo ule haukudai kuiga fizikia, na ngazi yake inapandika vizuri. Sina ugomvi nao. Sisi ndio tuliodai. Tulikuwa na mvua inayolowesha nguo, vidonda vinavyooza, mwanakijiji anayenuna siku tatu kwa kukosa usingizi. Halafu jiwe likawa namba ndogo kuliko ya jirani yake.

Waliowahi kucheza Dwarf Fortress, mchezo wa ndugu wawili Tarn na Zach Adams uliotolewa kwa umma mwaka 2006, watakumbuka kwamba mle kuna upanga mfupi wa obsidiani, jiwe linalofanana na kioo linalotoka kwenye volkano. Hautoki kwa mhunzi. Fundi wa kazi za mikono anautengeneza kwa jiwe moja la obsidiani na gogo moja la mti. Nilipoliona lile gogo mara ya kwanza nilidhani ni gharama ya ziada tu, ya kumchosha mchezaji. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba gogo ndilo upanga wenyewe.

Jiwe linabeba mzigo kwa kukandamizwa. Limwekee nyumba juu yake, litanyamaza. Lakini livute au ulipinde, linakatika ghafla bila kuonya, hasa likiwa refu na jembamba. Upanga kazi yake yote ni kupindwa: unagonga, unatikisika, unanasa kwenye mfupa, unachomolewa kwa nguvu. Chuma kinajipinda kidogo kisha kinarudi. Jiwe halirudi. Ndiyo maana Wamexica, wale Waazteki wa Meksiko ya kale, ambao waliijua obsidiani kuliko watu wengi, hawakuchonga upanga wa jiwe. Walichukua ubao wa mti mgumu, wakachimba mfereji kila ukingo, wakapanga humo wembe wa obsidiani mmoja baada ya mwingine. Silaha hiyo iliitwa macuahuitl, na Wahispania walikutana nayo kuanzia mwaka 1519. Mti unapokea pigo, jiwe linakata, na wembe mmoja ukivunjika unabadilishwa huo tu.

Yupo atakayenitajia majambia ya mawe ya Skandinavia, na ana haki. Jambia la Hindsgavl, la Denmark, lina urefu wa sentimita 29.5 na unene usiofika sentimita 1, jiwe gumu la gumegume tupu, mpini na bapa vimetoka katika jiwe moja. Ni kazi ya kukufanya uvue kofia. Ila tazama zama zake: metali ilikuwa tayari inazunguka Ulaya, na mafundi wa gumegume walikuwa wanaiga umbo la majambia ya metali. Katika mchezo wetu kitu cha aina hiyo kipo, lakini ni cha mzee wa kijiji kuning'iniza kiunoni siku ya baraza. Akijaribu kuchomea zimwi nacho, anabaki na nusu.

Baada ya ile picha ya mbwa nilifuta kila kitu, nikaamua nijifunze kugonga jiwe kwa mikono yangu kabla ya kuandika mstari mwingine wa msimbo wa mchezo.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kipande cha ngozi nene juu ya paja, jiwe mama, lile la kumegwa, mkono wa kushoto, jiwe la kugongea mkono wa kulia. Pigo la kwanza, hakuna kitu. La pili, vumbi. Kama la kumi hivi, jiwe likatoa mlio kama wa kikombe cha kaure, na kitu kikaanguka juu ya ngozi bila mimi kukiona kikitoka. Kilikuwa kibanzi cha upana wa vidole viwili. Upande wa ndani, chini tu ya mahali nilipogonga, palikuwa na kivimbe kidogo, na kutoka kwenye kivimbe hicho mawimbi yalitanuka kama mistari ya kombe la baharini. Nikakipitisha juu ya karatasi kuona kama kinakata. Karatasi ikafunguka. Niliona damu kwenye karatasi kabla sijahisi kwamba kidole gumba kimekatika.

Siku ile nilijifunza mambo matatu ambayo hayakuwamo katika faili langu. La kwanza, ukingo unaougonga lazima uwe na pembe ya chini ya nyuzi 90. Ukiwa butu zaidi ya hapo, unaweza kugonga mpaka jioni utoe unga tu. La pili, kila kibanzi kinachotoka kinabadilisha ukingo wa pigo linalofuata, kwa hiyo fundi hagongi jiwe lililo mbele yake, anagonga lile litakalokuwapo baada ya mapigo matatu. La tatu, kosa halirudishwi. Mhunzi akiharibu kisu anakirudisha motoni. Mgonga mawe akiharibu shoka, ana kitu kidogo kuliko shoka.

Hilo la tatu ndilo lililotupa mfumo wetu. Katika kazi za chuma tuna matokeo mawili: imefaulu, imeshindikana. Katika jiwe hakuna "imeshindikana". Mwanakijiji anaanza na nia ya kutoa shoka. Pigo likipotea na kibanzi kikakatikia katikati, kinaacha kidato juu ya jiwe, na kidato kile kinazuia vibanzi vyote vinavyofuata. Sasa shoka haliwezekani, lakini pana nafasi ya kikwangulio cha ngozi. Akikosea tena, pana nafasi ya kisu kidogo. Akikosea tena, chembe cha mshale. Mchezaji aliyeagiza mashoka sita kwa mwanafunzi wa kazi anaamka na mashoka mawili, vikwangulio vitatu, na podo limejaa vyembe ambavyo hakuviomba. Wengine wamelalamika. Mimi nimeiacha hivyo hivyo, na nitaendelea kuiacha.

Mawe yenyewe tuliyapa tabia badala ya nguvu. Tabia ya kwanza tuliiita utii: je, jiwe likigongwa linapasuka kwa kufuata pigo, au linafuata mambo yake? Ya pili, ushupavu: linavumilia kiasi gani kabla ya kuvunjika? Obsidiani inatii kupita kiasi. Ni kioo cha volkano, haina punje ndani. Ukiigonga sawasawa inakupa ulichoomba, ukiiangusha inakupa usichoomba. Makali yake mapya yana unene wa nanometa chache ukingoni, na wapo madaktari wa upasuaji waliowahi kuyatumia. Gumegume inatii vizuri na ina ushupavu wa kutosha, ndiyo maana imependwa kila ilikopatikana. Kwatsi ni ngumu, 7 katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, wakati obsidiani iko karibu na 5.5, lakini ina kiburi: inapasuka inavyotaka. Basalti, jiwe jeusi la volkano, yenye punje laini haikupi wembe, inakupa shoka la kusugua, ambalo unalichonga kwa kulidonoa kisha unalisugua kwa maji na mchanga juu ya bamba la jiwe mchanga kwa saa nyingi. Jiwe mchanga lenyewe halina kazi vitani. Tuliliacha liwe kinoo, na tukafurahi kwamba hatimaye kinoo kiko mahali pake.

Kuna tabia moja tuliiongeza baadaye, nayo ni moto. Pinnacle Point, pwani ya kusini ya Afrika Kusini, watu walikuwa wanachoma silikriti, aina ya jiwe gumu, motoni ili iwe rahisi kumega. Dalili za mwanzo zina miaka kama 164,000. Tukaiweka: zika jiwe chini ya moto, lipashe taratibu, liache lipoe taratibu, utii unapanda. Toleo la kwanza wanavijiji walichoma kila jiwe walilookota, pamoja na yale ya mtoni yaliyojaa maji. Yalilipuka. Jiko la kijiji kizima likawa uwanja wa vita. Tukawafundisha kuchagua.

Nifike kwenye mpini, maana hapa ndipo wengi wanapita mbio. Jiwe bila mpini ni kisu au ni kitu cha kurusha. Ukitaka shoka, tezo au mkuki, una vitu vitatu vinavyokutana: jiwe, mti, na kinachovishikanisha. Sisi tuna ulimbo wa utomvu uliochanganywa na unga wa mkaa, na juu yake kano mbichi iliyofungwa ikiwa mbichi ikakauka ikajikaza. Kwa kuwa mchezo tayari ulikuwa na hali ya hewa, hatukulazimika kubuni kitu. Kano ikilowa inalegea. Ulimbo jua likizidi unalainika, baridi ikizidi unakuwa kama kioo. Jeshi la mishale ya mawe likilala nje usiku wa mvua, asubuhi vyembe vinacheza kwenye miti yake. Mchezaji mmoja alishambulia majitu wakati wa masika, akapoteza vita vyote, kisha akatuandikia kwamba mchezo umeharibika. Tukamuuliza kama amejenga ghala lenye paa.

Na mpini ukidumu, jiwe linabadilishwa. Huo ni ugeuzi mdogo katika msimbo lakini mkubwa kwa mchezaji: kwa chuma, kisu ni bapa na mpini ni kiambatisho; kwa jiwe, mzee anaurithisha mpini, na vichwa vya jiwe vinakuja na kupita.

Kuhusu kunoa, nilimtegemea marehemu mmoja. Mwaka 1991, katika milima ya Alps mpakani mwa Italia na Austria, ilipatikana maiti iliyokaushwa na barafu ya mtu aliyekufa miaka kama 5,300 iliyopita. Dunia inamwita Ötzi. Alikuwa na shoka la shaba lililopachikwa kwenye mpini wa mti, na kiunoni jambia dogo la gumegume. Shaba na jiwe kwa mtu mmoja, siku moja. Wale wanaogawa michezo yao kwa "zama ya mawe" kisha mlango unafungwa na "zama ya shaba" inafunguliwa, huyu bwana anawasumbua. Alibeba pia kijiti chenye ncha ya pembe ya kulungu, kama penseli nene, cha kubonyezea ukingo wa jiwe na kumega vibanzi vidogo ili makali yarudi. Vifaa vyake vya mawe vilikuwa vimechoka, vimenolewa tena na tena hadi vikabaki vidogo, na ncha ya jambia ilikuwa imevunjika. Katika podo alikuwa na mishale 14, ila miwili tu ndiyo iliyokamilika. Unaona kabisa mtu aliye mbali na mahali pa kupata jiwe zuri.

Chuma ukikinoa unapoteza unga, jiwe ukilinoa unapoteza jiwe. Kwa hiyo kila kisu cha jiwe kwetu kina urefu unaopungua, si upau wa uimara unaojazwa tena. Kisu kirefu kinakuwa kisu kifupi, kinakuwa kikwangulio, kinatupwa. Wachezaji wameanza kuwapa wawindaji wao jiwe la akiba bila kuambiwa.

Sasa niwape kisa cha shoka, maana kilitugharimu majuma matatu. Tulipoweka mashoka ya jiwe, wakata miti wetu waliyavunja yote kwa siku moja ya mchezo. Tukapandisha uimara. Wakayavunja kwa siku mbili. Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipokumbuka jaribio lililofanywa miaka ya 1950 katika msitu wa Draved, Denmark. Watafiti walichukua vichwa vya mashoka vya kale, vya gumegume, wakavipachika mipini, wakaenda kukata miti. Wakata miti wa kawaida walipoyatumia, walizungusha shoka kwa bega na uzito wa mwili, kama walivyozoea kwa chuma, na makali au mipini ikavunjika. Wenzao walipobadili mkono, wakapiga mapigo mafupi ya harakaharaka kwa kiwiko na kiganja, mashoka yalifanya kazi vizuri, na watu watatu waliweza kufyeka kama mita mraba 500 kwa saa nne.

Tatizo letu halikuwa jiwe, lilikuwa mkono. Wanavijiji wote walikuwa na ujuzi mmoja ulioitwa "kukata miti", na hesabu yake ya nguvu ilitoka kwenye chuma. Tukaugawa ujuzi. Mtu aliyelelewa na shoka la chuma akishika la jiwe, majuma ya mwanzo anavunja. Aliyeanza na jiwe akipewa la chuma anachelewa kidogo tu, anachopachopa kama anayekata mboga, lakini havunji kitu. Mwanakijiji wa 14 katika kijiji chetu cha majaribio alikuwa mzee aliyekulia kwenye jiwe, na vijana wenye mashoka ya chuma walipokosa madini wakaanza kumfuata msituni kujifunza upya. Hatukuandika kisa hicho popote. Kilitoka chenyewe.

Vita. Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu kila mtu huanza na vita na mimi nimechoka navyo. Chuma kina uzito wa gramu 7.8 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, obsidiani kama 2.4. Kwa silaha ya kukata nyama na ngozi, uzito huo hauna maana sana, makali ndiyo yanayoamua, na hapo jiwe jipya linaishinda metali. Kwa silaha ya kupasua deraya, jiwe la makali linavunjika. Kwa rungu halihitaji makali, halina tatizo. Teo nalo, jiwe la duara na mkono uliozoea, lisidharauliwe. Jambo moja tu tulilolitilia mkazo ni kwamba chembe cha jiwe mara nyingi hubaki ndani ya kidonda. Ötzi alikaa miaka kumi mikononi mwa wataalamu kabla ya picha za eksirei za mwaka 2001 kuonyesha chembe cha gumegume ndani ya bega lake la kushoto. Waganga wetu wa kijiji sasa wana kazi mpya ya kutafuta na kutoa, na kidonda kinachoonekana kidogo kinaweza kuua baada ya wiki.

Majitu yalituumiza vichwa kidogo. Mtu akiwa na kimo mara mbili, shoka lenye umbo lilelile linakuwa na uzito mara nane. Zana ya jitu tukaipima, ikawa na uzito wa ng'ombe mdogo, na ikitumika inajipasua kwa uzito wake yenyewe. Mwenzangu alipendekeza tuseme ni uchawi. Nilikataa, ukianza kuziba kila pengo la hesabu kwa uchawi, mchezaji anajua, na anaacha kufikiri. Tukayapa majitu mawe mafupi na manene ya kuponda, wala si mashoka. Yanatisha zaidi hivyo, kusema kweli.

Hitilafu iliyotuchekesha kuliko zote ni vibanzi. Kugonga shoka moja kunaacha vibanzi mamia. Tulipoanza, kila kibanzi kilikuwa kitu kamili chenye jina, ubora na mwenyewe. Kijiji cha watu 60 kikazalisha vibanzi 90,000 ndani ya mwaka mmoja wa mchezo, na wanavijiji, ambao tuliwafundisha usafi, waliacha kulima wakawa wanaokota kibanzi kimoja kimoja kukipeleka ghalani. Kompyuta ikawa inapumua kwa shida. Njia rahisi ilikuwa kuvifuta. Lakini vibanzi ndivyo visu vya kila siku. Zana za kale kabisa tunazozijua, zile za Lomekwi magharibi mwa Ziwa Turkana zenye miaka milioni 3.3, zina vibanzi vyenye makali vilivyomegwa kwa makusudi. Nani afute hivyo? Tukavifanya lundo: kitu kimoja chenye idadi, kilichokaa sakafuni. Ukihitaji kukata kamba au kuchuna mnyama unachukua kimoja bila kuagiza kazi, ukimaliza unakitupa. Anayepita juu ya lundo bila viatu anakatika mguu. Kwa mara ya kwanza wachezaji wakajenga karakana za mawe mbali na nyumba, na wakashona viatu kwanza kabla ya ngao.

Kuna sahihisho moja ambalo sikulitarajia. Katika orodha ya kazi niliweka kugonga mawe kuwa ya wanaume, bila kufikiri, kwa sababu picha zote za vitabuni zina mwanamume mwenye ndevu amechuchumaa. Mwenzetu mmoja wa timu akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za Wakonso wa Ethiopia, ambao wanawake wao, watengeneza ngozi, wamekuwa wakichonga vikwangulio vya mawe na kuvipachika mipini hadi zama zetu hizi. Nilikuwa sijasikia. Nikafuta kizuizi kile jioni ileile.

Nimalizie na ramani. Jiwe zuri halipo kila mahali, na hapo ndipo lilipogeuka kuwa siasa. Obsidiani tuliiweka karibu na volkano, gumegume katika tabaka za chokaa, na tabaka za chini zikiwa bora kuliko za juu. Kule Grime's Graves, Uingereza, wachimbaji wa kale walishuka mashimo ya zaidi ya mita 12, wakipita gumegume ya juu bila kuigusa, ili wafikie ile ya chini. Olorgesailie, kusini mwa Kenya, obsidiani iliyotumika miaka kama 300,000 iliyopita ilitoka umbali wa kilomita 25 hadi 50 na zaidi. Mtu hatembei hivyo kwa kipande cha jiwe kama jiwe lolote lingefaa. Katika mchezo wetu kijiji chenye chuma kingi bado kinamtuma mtu mlimani kufuata obsidiani, kwa ajili ya waganga na wachuna ngozi, na njia ile ikishikwa na mazimwi, kijiji chenye chuma ndicho kinachopiga kelele.

Maswali tutayajibu tukiwa kwenye meza. Nimeleta gumegume, basalti, na vipande vichache vya obsidiani. Glavu ni za kila mtu, na ngozi ya pajani usiiache. Niliiacha mara moja. Tutatoka nje kugongea uani, kwa sababu vumbi la mawe haya likiingia mapafuni halitoki. Miwani ya kukinga macho ni minne tu, kwa hiyo tuingie wannewanne, na tafadhali vibanzi virudi kwenye turubai, msiniachie lundo.